Askari na Shahada ya Juu katika Nchi Jirani

Kila mwaka vyuo vikuu vya nchi jirani hutangaza nafasi za masomo ya shahada ya uzamili na ya uzamivu, na miongoni mwa wanaoyasoma matangazo hayo wamo askari wa Jeshi la Wananchi na wa Jeshi la Polisi. Wapo maofisa waliopata shahada ya kwanza kabla ya kuvaa sare, na wapo walioipata wakiwa kazini, wakisoma usiku baada ya zamu. Sasa wanaitazama Kampala, Nairobi au Kigali na kujiuliza kama hatua inayofuata haiwezi kupigwa huko.

Nia hiyo ni njema. Lakini nia njema peke yake haimfikishi mtu darasani. Kuomba nafasi ya shahada ya juu katika nchi nyingine ni kazi yenye hatua zake, na kwa askari kazi hiyo ina milango miwili: mlango wa chuo na mlango wa jeshi analolitumikia. Raia anaweza kuridhika na mlango wa chuo. Askari akiufungua huo akausahau wa pili, huenda akajikuta ana barua ya kukubaliwa mkononi na shitaka la utoro mezani kwa mkuu wake. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe kwa utaratibu, tangu mwanzo wake.

Kwanza ni vizuri kukumbuka kwamba kusoma ng'ambo ya mpaka si jambo geni katika Afrika Mashariki. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na tangu mwaka 1949 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Nairobi chuo cha ufundi kilifunguliwa mwaka 1956, na Dar es Salaam chuo kilianza mwezi Oktoba 1961 kwa kufundisha sheria. Mwaka 1963 vyuo hivyo vitatu viliunganishwa vikawa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyekuwa Mkuu wake. Kazi ziligawanywa. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, na aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Kijana wa Mwanza kupanda meli ya Ziwa Victoria kwenda kusoma Uganda lilikuwa jambo la kawaida.

Mwaka 1970 chuo hicho kimoja kilivunjwa, na kila nchi ikabaki na chake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera. Na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nao. Askari wa kizazi kile waliufikia mji wa Makerere wakiwa na silaha begani. Askari wa leo anaweza kuufikia mji huo huo akiwa na vitabu, tena kwa kualikwa. Tofauti hiyo haikuja yenyewe. Ililetwa na mikataba, na anayetaka kuitumia yampasa aielewe.

Hata katika miaka ile ya utengano, vyuo vikuu havikukatiana kabisa mawasiliano. Mwaka 1980 liliundwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala. Mkataba wa kuirudisha Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na mwaka 2009 Baraza hilo likapewa sheria yake na Bunge la Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwezi Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma. Kisha, mwezi Mei 2017, wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Maana ya tangazo hilo inafahamika vizuri zaidi kwa mfano wa ngazi. Tanzania, katika mfumo wake wa sifa za vyuo vikuu, imeiweka shahada ya kwanza katika kidato cha nane cha ngazi, uzamili katika cha tisa na uzamivu katika cha kumi. Kenya, katika mfumo wake, imeiweka shahada ya kwanza katika kidato cha saba. Shahada ni ile ile, lakini namba ni tofauti. Ndipo nchi za Jumuiya zilipokubaliana juu ya ngazi moja ya pamoja, iliyotolewa mwaka 2015, yenye vidato vinane: shahada ya kwanza ni cha sita, uzamili ni cha saba na uzamivu ni cha nane. Kwa ngazi hiyo ofisa wa Kampala anaweza kuipima shahada ya Dodoma, na ofisa wa Dodoma akaipima ya Kampala, bila ya kubishana juu ya namba.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba mikataba hiyo hutambua vyeti, haimbebi mtu. Haimpi askari likizo ya masomo, haimlipii ada, wala haimtafutii msimamizi. Hayo yamebaki kuwa kazi yake na kazi ya wakuu wake.

Askari ana njia mbili za kuifikia shahada ya juu katika nchi jirani, na aghalabu watu huzichanganya. Njia ya kwanza ni ya kupelekwa. Nchi jirani zina vyuo vya ulinzi na vya polisi vinavyopokea maofisa wageni, na baadhi vimeungana na vyuo vikuu ili kozi zao zitoe pia shahada. Nchini Rwanda, Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Nyakinama, wilayani Musanze, kilichofunguliwa mwaka 2012, hushirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda. Katika wilaya hiyo hiyo kipo Chuo cha Taifa cha Polisi, ambacho kozi yake ya maofisa wakuu imekuwa ikihudhuriwa na maofisa wa polisi wa nchi mbalimbali za Afrika. Nchini Kenya, Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilichoko Karen kilishirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2021 Kenya iliunda Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi. Uganda nayo ina chuo chake cha ukamanda na unadhimu huko Kimaka, mjini Jinja.

Katika njia hiyo askari haombi kwa kujaza fomu na kuituma chuoni. Nafasi hutolewa na serikali moja kwa serikali nyingine, na Makao Makuu ndiyo yanayochagua nani aende. Anachoweza kufanya ofisa ni kuwa tayari: vyeti vyake viwe vimekamilika katika jalada lake, taarifa zake za kazi ziwe safi, na afya yake iwe njema. Maofisa wenye sifa sawa wanaposhindanishwa, jalada lenye upungufu wa cheti kimoja linaweza kuwekwa kando, si kwa chuki, bali kwa sababu muda wa kukisubiri haupo.

Njia ya pili ni ya kujiombea mwenyewe katika chuo kikuu cha kiraia. Hapa ndipo askari wengi wanapotaka kupita, na hapa ndipo makosa yanapotokea. Kwa njia hii askari anaweza kusomea sheria, uhasibu, afya ya jamii, uhandisi, elimu ya kompyuta au masuala ya amani na utatuzi wa migogoro, ambayo Makerere huyafundisha katika ngazi ya uzamili. Nairobi nayo imekuwa ikifundisha diplomasia na uhusiano wa kimataifa tangu miaka ya sabini.

Katika njia hii mlango wa kufungua kwanza ni ule wa jeshi. Barua ya kuomba ruhusa ya masomo huandikwa mapema, nayo hupita kwa ngazi: kwa askari wa jeshi, huanzia kwa Mkuu wa Kikosi, kwa askari wa polisi, huanzia kwa mkuu wake wa kazi na kupanda hadi kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na Makao Makuu. Barua hiyo ieleze mambo manne: anataka kusoma nini, wapi, kwa muda gani, na masomo hayo yatalifaa jeshi kwa namna gani. Jambo hilo la nne ndilo linalosahauliwa sana. Mkuu anayeombwa kumwachia mtu wake kwa miaka miwili ana haki ya kuuliza pengo hilo litazibwa na nini atakaporudi. Ofisa wa upelelezi anayeomba kusomea uchunguzi wa makosa ya fedha ana jibu; anayeomba kusoma chochote kitakachopatikana hana.

Wapo wanaosema ni afadhali kupata nafasi ya chuo kwanza, kisha ndipo kuomba ruhusa, ili mkuu aone kwamba jambo limekwisha kamilika. Hoja hiyo inafanana na busara, lakini ina hatari. Chuo hutoa tarehe ya kuripoti, na tarehe hiyo haimsubiri mtu. Barua ya ruhusa ikichelewa, askari hubaki na mambo mawili ya kuchagua, yote mabaya: kuipoteza nafasi, au kuondoka bila ruhusa. Na anayeondoka bila ruhusa hahesabiwi kuwa mwanafunzi. Huhesabiwa kuwa mtoro, hata kama kila siku yuko maktaba. Taratibu mbili zinaweza kwenda sambamba, maadamu ile ya jeshi imetangulia hatua moja.

Baada ya hapo ndipo huja kazi ya makaratasi. Vyuo vya nchi jirani kwa kawaida hutaka cheti cha shahada ya kwanza pamoja na hati ya matokeo inayoonyesha alama za kila somo, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, na barua za watu wawili au watatu wanaomfahamu mwombaji kimasomo au kikazi. Nakala huthibitishwa na wakili au hakimu. Kwa uzamili, vyuo vingi hudai shahada ya kwanza ya daraja la pili. Vingine humpokea mwenye daraja la chini zaidi iwapo ana uzoefu wa kazi unaohusiana na masomo anayoyaomba. Hapo utumishi wa askari unaweza kumsaidia, lakini kwa sharti kwamba umeandikwa. Miaka kumi ya upelelezi isiyotajwa katika barua yoyote ni sawa na haikuwako mbele ya kamati ya chuo.

Majina ni tatizo jingine. Askari aliyeandikishwa shuleni kwa jina moja, akaandikishwa jeshini kwa majina matatu, na pasipoti yake ikawa na tahajia nyingine, atasimamishwa mlangoni. Dawa yake ni hati ya kiapo, au kubadili jina kisheria, na kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja. Kadhalika aliyepoteza cheti cha sekondari aanze kushughulika na Baraza la Mitihani miezi mingi kabla, wala asingoje tangazo la chuo.

Makaratasi hayo yana uzito wake katika historia ya karibuni. Mwezi Aprili 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nchini Tanzania ulitaja watumishi 9,932 kuwa wana vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Tangu hapo hakuna mtumishi asiyejua kwamba cheti kinaweza kuulizwa baada ya miaka ishirini. Askari anayeanza safari ya shahada ya juu kwa cheti chenye mashaka anajenga ghorofa juu ya msingi uliooza, na ghorofa hilo litamwangukia yeye na familia yake.

Suala la kulinganisha mifumo nalo si dogo. Tanzania imefuata kwa muda mrefu utaratibu wa miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha chuo kikuu. Kenya iliuacha utaratibu wa namna hiyo ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na tangu mwaka 2017 imekuwa ikiingiza mtaala mwingine unaotazama stadi na umahiri. Kwa sababu hiyo mwombaji anaweza kuambiwa na chuo cha Kenya vyeti vyake vilinganishwe kwanza na mamlaka za nchi hiyo. Hilo halina dharau ndani yake. Ni utaratibu, una ada yake na una muda wake, na vyote viwili viingizwe katika hesabu.

Nchi za Jumuiya leo ni nane, baada ya Sudan Kusini kujiunga mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Lakini lugha ya masomo haifanani kote. Uganda, Kenya na Rwanda hufundisha vyuo vikuu kwa Kiingereza. Rwanda ilihamia lugha hiyo mwaka 2008. Burundi na Kongo hutumia Kifaransa. Askari aliyelinda amani Kongo akajua Kiswahili cha Goma na maneno machache ya Kifaransa asidhani kwamba maneno hayo yatamtosha kuandika tasnifu.

Ada nayo yahitaji hesabu ya kweli. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyotumika nchi zote tatu ilianza kuondolewa mwaka 1966, kila nchi ikawa na shilingi yake. Jina limebaki moja, thamani si moja, na hubadilika kila siku. Askari anayesoma kwamba ada ni shilingi milioni kadhaa aulize kwanza ni shilingi za nani. Kisha aangalie kama chuo kinamhesabu raia wa Jumuiya kama mwenyeji au kama mgeni, kwa maana vyuo vingine vina viwango viwili. Juu ya ada kuna usajili, bima ya afya, chumba, chakula, nauli za likizo na gharama za utafiti. Anayelipiwa na mwajiri asome masharti ya kulipiwa, hasa muda anaopaswa kuutumikia baada ya kurudi. Anayejilipia asitegemee mshahara wote, kwani nyumbani kuna watoto wanaosoma.

Misaada ya masomo ipo, ingawa wanaoitafuta ni wengi. Umoja wa Afrika uliunda Chuo Kikuu cha Afrika Nzima, na taasisi yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu iko Juja nchini Kenya, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki nalo limesimamia ufadhili wa uzamili uliotolewa kwa msaada wa Ujerumani, wenye sharti kwamba mwanafunzi asome katika nchi nyingine ya Jumuiya na si katika nchi yake. Mwombaji aangalie sharti la umri na tarehe ya mwisho kabla ya kutumia hata senti moja.

Jambo ambalo vyuo hulipima kwa makini, na waombaji hulichukulia kwa wepesi, ni wazo la utafiti. Anayeomba uzamili hutakiwa aeleze kwa ufupi kwa nini anataka masomo hayo. Anayeomba uzamivu huenda mbali zaidi: Makerere, kwa mfano, mwombaji wa uzamivu kwa njia ya utafiti hupewa kwanza nafasi ya muda kwa andiko fupi, kisha huandika andiko kamili ndipo asajiliwe rasmi. Kwa hiyo ni busara kumtafuta mapema mwalimu wa chuo hicho anayeijua mada, kumwandikia kwa adabu, na kumwonyesha kurasa mbili tatu. Mwalimu hamtafuti mwanafunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Uchaguzi wa mada una hatari moja inayomhusu askari kuliko mwanafunzi mwingine yeyote. Tasnifu ikikubaliwa huwekwa maktaba, na mtu yeyote, wa nchi yoyote, anaweza kuisoma. Askari aliyekula kiapo hana ruhusa ya kuweka humo idadi ya askari wa kituo, mpango wa doria, udhaifu wa ghala au jina la mtoa habari, hata kama msimamizi wake anasema sura hiyo ingependeza zaidi kwa mifano. Msimamizi ni mwalimu wa nchi nyingine. Hakula kiapo kile. Namna ya kujikinga ni kuchagua tangu mwanzo mada ambayo vyanzo vyake viko wazi: sheria zilizochapishwa, hukumu za mahakama, taarifa za Bunge, au mahojiano na raia. Ajali za barabarani, migogoro ya wakulima na wafugaji, ulinzi wa jirani kwa jirani, na afya ya akili ya askari waliostaafu ni mada zenye manufaa makubwa, na zinaweza kuandikwa bila ya kuifichua siri yoyote.

Tena utafiti wenyewe unahitaji kibali. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kenya ina tume yake ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na Uganda ina Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mtu mwenye mazoea ya kuuliza maswali kikazi anaweza kusahau kwamba, akiwa mwanafunzi katika nchi ya watu, maswali yake yanahitaji karatasi. Ofisa wa polisi wa Tanzania anayezunguka vijiji vya Uganda na daftari bila kibali anaweza kueleweka vibaya kabisa, naye hatakuwa na wa kumlaumu.

Kabla ya kuvuka mpaka, mwanafunzi awasiliane na Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Tume hiyo hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua shahada zinazotoka nje mwenye nazo anaporudi. Nchini Uganda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na nchini Kenya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, huweka wazi ni vyuo gani vyenye ithibati. Ni vema kuhakikisha mambo mawili na si moja: kwamba chuo kinatambuliwa, na kwamba kozi yenyewe inayoombwa imeidhinishwa. Chuo chaweza kuwa halali ilhali kozi yake moja haijakubaliwa. Kuligundua hilo baada ya miaka miwili na mamilioni ya shilingi ni msiba. Akishafika, mwanafunzi huomba hati ya mwanafunzi katika ofisi za uhamiaji za nchi aliyomo, na huihuisha kwa wakati. Wala asiishi kwa muhuri wa mgeni wa matembezi.

Uzamili mwingi huchukua miaka miwili, nusu ya kwanza madarasani na nusu ya pili kwenye tasnifu. Madarasa huisha kwa tarehe. Tasnifu haina kengele. Wanafunzi wengi hukwama hapo. Kwa raia, kukwama ni kuchelewa. Kwa askari, ruhusa ina mwisho wake, na siku ikifika atarudi kikosini hata kama sura ya nne haijaandikwa. Akisharudi, zamu, operesheni na uhamisho vitaila tasnifu kama mchwa. Ndiyo maana anayeondoka na mada iliyokwisha kuchunguzwa na orodha ya vitabu aliyokwisha kuisoma huwa amejipatia miezi ambayo mwenzake hataipata kamwe.

Limebaki suala la mwenendo. Chuoni hakuna saluti. Ofisa mwenye nyota tatu anaweza kukaa benchi moja na binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye atamshinda katika takwimu, na mwalimu anaweza kumkosoa mbele ya darasa zima. Hayo si kuvunjiwa heshima. Ndiyo masomo yenyewe. Kwa upande mwingine, siasa za nchi mwenyeji, maandamano ya wanafunzi na mabishano ya vyama vyao havimhusu askari wa nchi nyingine. Mgeni huyo huenda amevua sare, lakini hakuvua kiapo.

Mwaka 1963 wazazi wa Afrika Mashariki waliamini kwamba elimu ya juu ni mali ya pamoja. Miaka saba baadaye imani hiyo ikagawanywa vipande vitatu, na ilichukua karibu nusu karne kuviunganisha tena kwa karatasi. Sasa karatasi zipo. Askari wa Tanzania aliyekaa darasa moja na ofisa wa Uganda, wa Kenya na wa Rwanda atakuwa na mtu wa kumpigia simu siku mhalifu atakapovuka mpaka, na faida hiyo haiandikwi katika cheti chochote. Lakini ili afike darasani humo, kazi inaanza mwaka mzima kabla: jalada likamilishwe, barua ya ruhusa ipite kwa ngazi zake, mada ichaguliwe kwa uangalifu, na ada ihesabiwe kwa shilingi inayohusika. Anayetaka kuripoti chuoni mwezi Agosti mwakani, barua yake kwa mkuu wa kikosi ingefaa iandikwe wiki hii.